Ombi la Kufupisha Maisha ya Tabo ya Baba

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Magari

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, umeketi mahali palipotulia, na gari lako limezimwa. Sisi huku nyumbani sote hatujambo, isipokuwa mimi.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Sijawahi kuandika gazetini, wala sijawahi kunyoosha mkono darasani kwa hiari yangu. Walimu wakiulizwa habari zangu husema "ni mpole," na mmoja wao, Mama alipomwuliza ninaendeleaje katika somo lake, alimjibu kwamba wanafunzi wageni huchukua muda kuzoea. Nilikuwa mwaka wa tatu pale. Sikuona vibaya, kwa kweli nilifurahi. Ninachotaka kwa sasa katika dunia hii ni kitu kimoja tu: nifike shuleni asubuhi bila mtu kujua kwamba nimefika. Kitu hicho nilikuwa nakipata kila siku, bure, mpaka wewe ulipochapisha ile makala.

Makala yenyewe unaikumbuka. Iliandikwa na mtaalamu wenu anayejiita Fundi wa Wiki, chini ya kichwa "Je, Gari la Tabo Linadumu?" Sina ugomvi na lugha yake. Alieleza kwamba tabo ni kama feni ndogo inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inaisukumia injini hewa nyingi ili ipate nguvu. Alisema inazunguka kwa kasi ya ajabu, inapata moto mkali, na ndiyo maana watu wengi huogopa kununua gari la namna hiyo likiwa limeshatumika. Halafu akasema, na hapa ndipo aliponimaliza, kwamba tabo inaweza kudumu sawasawa na injini yenyewe endapo mwenye gari atafanya mambo machache: asilikimbize likiwa bado baridi, abadilishe oili mapema, na baada ya safari aiache injini ingurume kidogo kabla ya kuizima, ili tabo ipoe.

Kidogo, Ndugu Mhariri. Alisema "kidogo" bila kusema ni kiasi gani. Neno hilo limeingia nyumbani kwetu na sasa linaishi nasi kama mpangaji asiyeaga.

Inabidi nikueleze kwamba Baba yangu ni fundi wa majokofu. Kwake yeye kila kitu ulimwenguni kiko katika hali mbili: ama kinapata moto, ama kinapoa. Pikapu yake aliinunua kwa mfuga kuku, ikiwa imetumika. Ina viti vya mbele na vya nyuma, rangi yake ni ya fedha, na ubavuni imeandikwa TABO kwa herufi kubwa kuliko zile zilizoandika jina la shule yetu ukutani. Aliendesha gari hilo kwa wasiwasi, akisikiliza kila mlio, mpaka siku aliyosoma makala yenu. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa na kuisoma makala tena kutoka mwanzo, kisha akamwita Mama kutoka jikoni.

"Mke wangu, hii kitu ni jokofu."

"Kitu gani?"

"Tabo. Ni jokofu lililogeuzwa nje ndani. Sasa nimeielewa."

Mama alirudi jikoni. Mimi nilibaki pale na kitabu changu, nikatabasamu, sikujua kilichokuwa kinakuja. Naomba sasa nitoe malalamiko yangu kwa utaratibu, ili usidhani naandika kwa hasira.

1. Kuhusu mlango. Karakana ya Baba inatazamana na lango la shule yetu, kwa hiyo safari yake ya kila asubuhi inaishia hapo hapo. Mtu mwingine angeegesha, akazima, akashuka. Baba anaegesha, anaiacha injini ingurume, na hakuna ruhusa ya mtu yeyote kufungua mlango. Nilimwuliza sababu. Aliniambia kwamba jokofu likiwa linapoa, ukifungua mlango umeharibu kazi yote. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba tabo iko mbele chini ya boneti, na mlango wangu uko nyuma. Alinitazama katika kile kioo cha juu kwa huruma nyingi.

"Mwanangu, na barafu nayo huwa juu, mlango uko mbele. Baridi haina habari na mbele wala nyuma. Tulia."

Nilikuwa na jibu zuri la kumpa, lenye fizikia ndani yake, lakini lilinijia katika kipindi cha tatu.

2. Kuhusu vioo. Mlango haufunguliwi, lakini vioo vinateremshwa vyote vinne, ili Baba aisikie tabo inavyoshuka. Nilimwuliza kama kioo nacho si uwazi kama mlango. Alisema kioo ni sawa na ile taa ya ndani ya jokofu, haina madhara. Basi tunakaa pale, mbele ya shule yenye watoto wengi kuliko madawati, vioo viko chini, na Baba yangu, Ndugu Mhariri, ni mtu wa watu. Hawezi kuona binadamu akipita bila kumhusisha.

"We kijana, hebu njoo! Njoo usikilize! Unasikia hiyo, fiiii? Sasa inashuka. Subiri. Inashuka... inashuka... umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Inalia kama birika."

Kijana aliyesema hivyo anasoma darasa letu. Kabla ya saa sita mchana nilikuwa naitwa Birika na watu ambao jana yake hawakujua kwamba nina jina. Hata mlinzi wa lango, mtu mzima mwenye wajukuu, huniambia, "Ingia, Birika, ingia."

Nilianza kulala sakafuni, kati ya viti, juu ya mtungi wa gesi ya majokofu. Pale hakuna anayeniona. Nilikaa salama siku chache, mpaka asubuhi moja nikasikia Baba akipaza sauti kwa furaha:

"Mwalimu Mkuu! Shikamoo! Binti yangu yuko humu nyuma, amelala chini hapo, ana haya tu!"

Mwalimu Mkuu ni mtu wa heshima. Aliinama, akaingiza kichwa dirishani, akatazama chini mpaka akaniona, akasema, "Hujambo?" Nikasema, "Sijambo, mwalimu, shikamoo." Akasema, "Marahaba. Endelea." Sijui alitaka niendelee na nini. Sidhani kama kuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kuamkiana na Mwalimu Mkuu akiwa kifudifudi juu ya mtungi wa gesi.

3. Kuhusu kuchelewa. Kuna siku kengele iligonga tukiwa bado tunapoa. Niliisikia vizuri kuliko waliokuwa ndani, maana imefungwa kwenye nguzo ya lango. Niliiona hata kamba yake ikivutwa. Nilipoingia darasani, mwalimu wa zamu alikuwa mlangoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapo nje, mwalimu."

"Nje ukifanya nini?"

Mimi sijui kusema uongo kwa haraka. Nikasema, "Nikipoa."

Darasa zima lilicheka mpaka la jirani likaja kuchungulia. Naomba uifikirie hali yangu kwa dakika moja tu: niliadhibiwa kwa kuchelewa mahali ambapo nilikuwa nimeshafika.

4. Kuhusu mwendo. Fundi wa Wiki alishauri gari lisikimbizwe likiwa baridi. Baba anasema asubuhi yote ni baridi. Kwa hiyo tunatoka nyumbani taratibu, mikono miwili kwenye usukani, na magari mengine yanatukuta, yanashindwa kutupita kwa sababu mtaa wetu ni mwembamba, yanapanga mstari. Juzi mstari ulikuwa mrefu, na dereva wa nyuma yetu, sijui kwa nini, akawasha taa. Wa nyuma yake naye akawasha. Watu waliokuwa kando ya barabara wakaanza kusimama. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja nusu, akatoka nje, akavua kofia. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo aliitua, akatusogelea dirishani tukiwa tunakwenda, maana alitembea tu na akatufikia, akasema kwa sauti ya chini:

"Poleni sana. Nani huyo?"

"Tabo," akajibu Baba.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana, mzima kabisa, tunamtunza tu."

Yule mama alirudi kwenye ndoo yake akitikisa kichwa. Nilimsikia akimwambia kinyozi kwamba mshtuko huwa unawafanya watu waseme ovyo, tuwaombee.

5. Kuhusu oili. Baba anapima oili kila jioni. Anachomoa kile kijiti, anakipangusa kwenye kitambaa cheupe, kisha anakianika kitambaa ili aone rangi vizuri kukikucha. Kamba ya nguo ilipojaa alihamia sebuleni. Sasa tukikaa kula tunazungukwa na vitambaa vyenye madoa, kutoka rangi ya asali hadi rangi ya usiku, na Baba anawaeleza wageni kila doa. Vitambaa vyeupe vilipokwisha alianza kutumia soksi zangu za shule. Anachukua moja moja ili nisigundue. Niligundua kwenye gwaride.

Halafu kuna suala la Mama. Mama ni muuguzi wa kina mama wajawazito katika zahanati ya mtaa wa pili. Siku moja alikitafuta kile kifaa chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, akatafuta kila mahali, akatoka nje akamkuta Baba ameinamia boneti amekivaa masikioni.

"Baba Birika," Mama akasema, maana hata yeye ameshaanza, "hicho kifaa ni cha wagonjwa."

"Na huyu je? Hebu sikiliza mwenyewe, wewe ndiye mtaalamu."

Mama alikivaa, nadhani ili yaishe. Akasikiliza kwa muda, akakunja uso, akasogeza mahali pengine, akasikiliza tena. Kisha akasema, "Mama na mtoto wanaendelea vizuri." Baba alifurahi wiki nzima. Mama anadhani alitania. Sasa kila Jumamosi anaombwa kumpima.

6. Kuhusu binadamu. Hapa naomba usome polepole. Mwanzoni ilikuwa tabo peke yake. Lakini Baba akishapata kanuni haachi mpaka aitumie kila mahali. Alianza kusema kwamba binadamu naye ana vitu vinavyozunguka ndani kwa kasi, na kumzima ghafla si vizuri. Kwa hiyo nikirudi kutoka shule siruhusiwi kukaa, nasimama kwanza mlangoni "ningurume." Bibi, ambaye ni mama yake mzazi, akitoka bafuni anaambiwa asimame kwenye korido. Bibi alimtazama akasema, "Mimi nilikuzaa wewe bila kupozwa, nipishe." Ni yeye pekee aliyepona. Hata hivyo naye ana mateso yake, kwa sababu kila jioni Baba akiingia uani na ile filimbi ya tabo, Bibi anainuka na fimbo yake kwenda kuepua chai, anakuta hakuna chai, anarudi, anakaa, na kuuliza ni nani aliyeiepua.

Kisha akaja Shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na anaheshimiwa hata na watu wasiomjua. Alitoka safari ya mbali, jua kali, mizigo kichwani. Baba alimpokea mizigo, akamwamkia vizuri, na akamzuia kizingitini.

"Dada, usiingie kwanza. Umetoka mbio. Tulia hapo upoe kidogo."

"Nimekuja kukusalimia au nimekuja kuwa maji ya kunywa?"

"Dada, ni dakika tu."

"Nipe mizigo yangu."

Aliondoka. Tangu siku hiyo Shangazi hapokei simu ya Baba, na salamu zake anazileta kupitia kwa Bibi zikiwa zimeshapungua.

7. Kuhusu siku zijazo. Fundi wa Wiki alisema tabo ikitunzwa inaweza kudumu miaka mingi. Nimelitafakari neno hilo kwa kadiri ya elimu yangu. Baba anaitunza kuliko mtu yeyote anayeweza kutunza. Kwa hiyo itadumu. Nitamaliza shule ipo. Nikiitwa kwenye usaili wa kazi Baba atasema anipeleke, na wenye kazi watakuwa dirishani wakinitazama nikiwa ndani ya gari linalonguruma, na Baba akiwaita waje wasikilize. Nikipata mchumba, ambaye bila shaka atakuwa mtu wa haya kama mimi, maana mwingine tutaonana wapi, ataningoja mbele ya ukumbi siku ya harusi. Mimi nitakuwa nje, na shela, mlango umefungwa. Atasubiri. Watu wataanza kumtazama. Hatastahimili kutazamwa. Atarudi kwao kimyakimya kwa mlango wa nyuma, na sitamlaumu, ningefanya vivyo hivyo. Nitazeeka peke yangu. Nitakapokufa nitapelekwa kwa pikapu ile ile, na hata hapo, Ndugu Mhariri, hata hapo hawatanishusha mpaka ipoe.

Hayo ndiyo malalamiko yangu. Sasa ombi.

Tuna jirani mwenye duka la rangi ambaye ameipenda pikapu hiyo tangu siku ya kwanza. Anataka kuinunua, na kwa bahati nzuri duka lake liko mbali na shule yoyote. Baba hajamkatalia. Amemwambia atampa jibu akishasoma ukurasa wenu wa toleo lijalo, kwa kuwa siku hizi Baba hafanyi jambo lolote kuhusu gari bila kukusoma wewe kwanza. Unaona basi kwamba maisha yangu yote yako mkononi mwako, na unahitaji nafasi ndogo tu, hata ile ya chini kulia unapoweka picha ya tairi.

Ili nisikusumbue nimekuandalia maneno yenyewe. Wewe utie sahihi tu:

"MASAHIHISHO. Hivi karibuni tuliandika kwamba tabo inaweza kudumu. Tuliteleza. Haidumu. Mwenye gari la tabo aliuze mara moja, hasa kama ana jirani anayelitaka. Pikapu za rangi ya fedha zilizotoka kwa wafuga kuku ndizo zilizo katika hali mbaya zaidi. Aidha, uchunguzi umeonyesha kwamba kupoza tabo hakusaidii chochote, na kupoza mbele ya shule kunaidhuru. Tunawaomba radhi wasomaji wetu na mabinti zao."

Huenda ukasita, ukifikiri kwamba huo ni uongo. Nimelifikiria suala hilo pia, kwa sababu sipendi kumtia mtu mzima matatani. Kitabu chetu cha jiografia kinasema hata jua lenyewe siku moja litazimika. Ikiwa jua halidumu, tabo ni nini? Kwa hiyo ukiandika kwamba haidumu hutakuwa umedanganya. Utakuwa umewahi kidogo tu kutoa habari, na si ndiyo kazi ya gazeti?

Kama hilo litashindikana kabisa, naomba basi mnisaidie kuiandikia shule ihamishe lango lake. Nimetembea nikapima kwa macho, na naona likiwekwa nyuma, baada ya vyoo, kuna ukuta mrefu usio na watu. Na kama hilo nalo ni gumu, waandikieni watengenezaji wa magari wawe wanamwuliza mnunuzi kwanza kama ana binti anayesoma.

Nakushukuru kwa muda wako. Wasalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, mchora vibonzo, na yule anayetunga mafumbo ya maneno, mwambie lile la wiki iliyopita nililimaliza lote nikiwa chini ya kiti. Isalimie familia yako na dereva wako kama unaye. Fundi wa Wiki naye msalimie, ila kwake iwe salamu fupi. Bibi anakusalimu, anauliza kama mnaandika pia kuhusu mabirika.

Ni mimi msomaji wako ninayekuheshimu, ninayeomba jina langu la kweli lisitajwe, kwa kuwa hata hili la uongo linanitosha,

Birika

NYONGEZA: Barua hii imekaa katika mkoba wangu zaidi ya wiki, kwa sababu naona haya kumwomba karani wa posta stempu. Katika muda huo limetokea jambo, na naona si uungwana kukuficha. Ningeandika upya lakini bahasha nilishaigundisha mara moja, na hii karatasi ya nyongeza nimeipenyeza pembeni.

Asubuhi moja tulikuwa tunapoa kama kawaida. Mwalimu wa midahalo alikuwa amesimama langoni akikamata wanafunzi wa kwenda kuhutubia shule nzima. Mimi nilikuwa sakafuni, sionekani. Mara kitabu kikaingia dirishani. Kikafuatiwa na mkoba. Mkoba ukafuatiwa na msichana wa darasa la jirani, kichwa mbele, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake hata siku moja. Aliniangukia miguuni.

"Samahani, baba," alimnong'oneza Baba. "Naomba nipoe hapa kidogo."

Baba aligeuka akautazama mlango. Ulikuwa umefungwa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ila usiguse kitasa."

Hatukusemezana, kwa sababu hatukuwa tunajuana. Alifungua kitabu chake, cha maktaba, kinene, kilichopoteza jalada hata hatujui kinaitwaje, akaanza kusoma kwa kunong'ona habari za mjane mmoja, na alipochoka akanipa mimi. Baba aliegemea kiti chake. Hakumwita mtu. Baada ya muda alizima injini, nasi tukaanza kukusanya mikoba, ndipo akageuka.

"Ngoja kwanza. Huyo mjane sanduku amelifungua, hajalifungua?"

Tukamwambia sura haijaisha. Akawasha tena injini.

Tangu hapo tunapoa hivyo kila asubuhi, sisi wawili chini na Baba juu, na vioo vimepandishwa, kwa kuwa Baba anasema kelele za nje zinamfanya asisikie vizuri wanavyosema watu wa kitabuni. Nimegundua kwamba hakuna mahali pengine shuleni ambapo mtu anaweza kusoma bila kuulizwa anasoma nini. Rafiki yangu, maana sasa naweza kumwita hivyo, tulishasemezana juzi, anakubali. Jirani wa rangi alikuja kutaka jibu akagonga kioo, Baba akakishusha kiasi cha kidole, akamwambia, "Haiuzwi, tunasoma," akakipandisha.

Kwa hiyo naomba yale masahihisho usiyachape. Badala yake, kama inawezekana, fafanua tu kwamba "kidogo" maana yake ni mpaka mwisho wa sura, na kwamba sura zikiwa fupi zichukuliwe mbili.

Lakini kuna jambo linaninyima raha, na ndilo lililonipa ujasiri wa kwenda kwa yule karani leo hii. Tangu juzi, pikapu ikiwashwa, ekzosi inatoa moshi wa samawati. Baba aliuona, akasimama nyuma ya gari kwa muda mrefu. Nimesoma kwamba moshi wa rangi hiyo ni dalili ya tabo iliyoanza kula oili. Tafadhali sana mwulize Fundi wa Wiki kama inaweza kupona, na kama haiponi, inaweza kuvumilia mpaka lini. Mweleze ukweli wa hali yetu, asitupe maneno ya kutuliza. Jibu upesi, Ndugu Mhariri, tumefika patamu.